Aliyekuwa Zamu

Mtaani walimwita Mzee Nyambizi, na yeye alijua. Watoto wakimwona anakuja na mfuko wake wa magazeti walinyamaza, akishapita wakaangua kicheko. Hakuwakemea. Alikuwa amezoea, kama mtu anavyozoea goti linalouma.

Alikuwa fundi mitambo mstaafu. Aliishi na mkwe wake, Mama Kidege, katika nyumba ya vyumba vitatu. Chumba cha mbele Mama Kidege alikuwa amekigeuza saluni: viti viwili, kioo kimoja kirefu, drai moja iliyonguruma kama pikipiki, na sinki la kuoshea nywele ambalo mzee mwenyewe alilifunga na kila mwezi alilifungua tena kwa sababu lilivuja. Kidege, mjukuu, alikuwa chuo cha uuguzi na alirudi mwisho wa wiki kuja kula na kufua.

Aliyewaunganisha watatu hao alikuwa chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka kumi. Alikuwa mwana wa mzee, mume wa Mama Kidege, baba wa Kidege, na mmoja wa washika usukani wa meli ya abiria iliyozama alfajiri moja, bahari ikiwa imetulia, watu wengi wakiwa usingizini. Tume ya uchunguzi ilikaa, ikahoji, ikaandika. Ripoti ilisema mshika usukani alisinzia, meli ikaacha njia na kupanda mwamba. Ilisema mwili wake ulikutwa kwenye chumba cha usukani. Jina lake lilitajwa na redio asubuhi, mchana na jioni.

Lakini walionusurika walikuwa na yao. Mmoja alisema alisikia kishindo kutoka chini, kama nyumba inayogongwa na lori. Mwingine aliapa kwamba, akiwa majini, aliona mgongo mweusi unaibuka, unateleza, unazama tena. Kila mtu alijua kwamba wiki ile meli za kivita za nchi kadhaa zilikuwa kwenye mazoezi si mbali na pale. Na kila mtu aliona jinsi mabaki yalivyovutwa haraka, yakakatwakatwa na kuuzwa kama chuma chakavu kabla wino wa ripoti haujakauka. Nani anakata ushahidi wake mwenyewe? Basi neno nyambizi likaingia midomoni mwa watu na halikutoka tena.

Kwa mzee lilikuwa dawa. Kama ni nyambizi, mwanawe hakusinzia. Alijiunga na kamati ya familia za waliokufa, akajifunza majina ya nyambizi, urefu wake, uzito wake, kina kinachohitajika ili ipite. Alikata magazeti. Alizungumza redioni. Mezani alichora meli na nyambizi kwa vijiko na kikombe mpaka chai ikapoa.

Mama Kidege alisikiliza. Mwanzoni alisikiliza kwa moyo, baadaye kwa heshima, na siku hizi alisikiliza huku mikono ikisuka kichwa cha mtu. Kulikuwa na wateja waliomkimbia ripoti ilipotoka, mama mmoja alifika mpaka mlangoni akamwambia, "Mumeo ameniulia wanangu," akaondoka. Hilo nalo alilisikiliza. Kuchoka kwake hakukuwa kwa siku moja. Alilala amechoka, akaamka amechoka, akawasha drai.

Simu ya mpiga mbizi mmoja iliingia mchana, saluni ikiwa na watu. Alipokea mzee. Mama Kidege aliona mgongo wake ukinyooka.

"Ndiyo. Ndiyo, mimi ndiye baba yake," mzee alisema. "Wewe ulishuka? Uliishika meli kwa mikono yako? Subiri, kijana wangu, usikate, subiri nitafute pa kukaa."

Alipomaliza alikuja akasimama nyuma ya kiti cha mteja, akamtazama mkwe wake kupitia kioo.

"Mama Kidege, amepatikana mtu aliyeona."

"Baba, wameshapatikana wengi."

"Hao wote walikuwa juu. Huyu alikuwa chini."

Walikwenda siku iliyofuata. Mama Kidege alifunga saluni, jambo ambalo hakulipenda, lakini hakutaka mzee apande ngazi za watu peke yake. Mpiga mbizi alikaa ghorofa ya juu kabisa ya jengo lisilo na lifti. Walimkuta kwenye kochi, mtu wa mwili mkubwa uliosinyaa, mabega mapana yakiwa yamebaki kama henga ya koti. Aliongea kwa vipande, akivuta pumzi katikati. Miaka ya kuzama na kuibuka ilikuwa imemla viungo na mapafu.

"Samahani sijainuka," alisema. "Shikamoo, mzee. Karibu, dada."

"Marahaba. Kaa, kaa," mzee alisema, ingawa yule hakuwa amejaribu kuinuka. "Tuambie."

Mpiga mbizi hakuzunguka. Alisema aliajiriwa na kikosi cha uokoaji, wakashuka siku ya pili baada ya ajali. Meli ilikuwa imelala ubavu. Chini, upande wa kushoto, aliona tundu ambalo gari dogo lingeingia. Kingo za bati zilikuwa zimekunjika kwenda ndani. Alipiga picha. Walipopanda juu, wanaume wasiovaa sare walichukua kamera zote, wakawaambia kazi yao ni kutoa miili, siyo kutazama mabati. Kesho yake hawakuruhusiwa tena upande ule.

Mzee alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ni nyambizi."

"Sijui, mzee."

"Umesema kingo zilikwenda ndani."

"Zilikwenda ndani. Mwamba nao ukigonga, kingo zinakwenda ndani. Nimeona tundu. Sikuona kilichotoboa."

"Lakini kwa nini wachukue kamera? Kama ni mwamba, mwamba una siri gani?"

"Hapo hata mimi nimejiuliza," mpiga mbizi alisema, akafumba macho kidogo. "Nimejiuliza mpaka nimechoka kujiuliza."

Mzee aligeuka kumtazama mkwe wake, uso umewaka kama wa mtu aliyeshinda kesi. Mama Kidege hakuwa anamtazama. Alikuwa anaangalia mikono ya mpiga mbizi, ilivyokuwa inakunja ncha ya shuka na kuikunjua.

"Kaka," alisema, "ulitupigia simu kwa ajili ya tundu?"

Mpiga mbizi akaiachia shuka.

"Maana tundu ungewapigia watu wa magazeti. Kwa nini sisi?"

"Dada, mimi ndiye niliyemtoa mumeo."

Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji.

"Sikumjua, wakati ule," aliendelea. "Tulipomfikisha gatini, baharia mmoja aliyeokolewa alimwona akaanza kulia na kumwita kwa jina. Ndipo nikajua ni nani. Baadaye ripoti ikatoka, nikasoma alikutwa kwenye chumba cha usukani. Dada, chumba cha usukani niliingia mimi. Kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu. Mumeo nilimkuta kwenye ngazi zinazotoka vyumba vya mabaharia, chini kabisa. Alikuwa na singlendi na bukta. Miguu mitupu. Jaketi la kuokolea lilikuwa limeingia mkono mmoja tu."

"Unasema alikuwa wapi?" mzee aliuliza.

"Alikuwa anatoka kitandani, mzee. Haikuwa zamu yake. Au kama ilikuwa yake, kulikuwa na mtu mwingine mahali pake."

Mama Kidege alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka taratibu, kavu. "Utajuaje kwamba aliyekuwa kwenye ngazi ni yeye, na siyo mwingine? Mlitoa watu wengi."

"Miguu ndiyo iliyotangulia kuonekana. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha."

Mama Kidege mwenyewe ndiye aliyemwangushia mumewe mtungi wa gesi mguuni, jikoni kwao, Kidege akiwa bado anatambaa. Ukucha haukuota tena. Mumewe alikuwa akimtania kwamba akipotea atatambulika kwa kazi ya mikono ya mkewe. Hilo halikuandikwa popote wala halikusemwa redioni. Aliinama, akakaa hivyo, kichwa karibu na magoti.

Jeneza lilikuja limefungwa. Waliambiwa wasifungue, hali ya mwili hairuhusu. Aliomba aone hata mkono. Walikataa kwa upole, na upole ule ndio uliomshinda nguvu.

"Uliandika maelezo?" aliuliza baadaye.

"Niliandika. Wakanipa mengine yaliyochapwa, nikatia saini. Nilikuwa na kazi, dada, na nilikuwa na woga. Sitasema zaidi ya hapo, maana jambo hilo halina mapambo."

Hawakumtukana. Labda angependa wamtukane. Mama Kidege alimpelekea maji, akamwinua kidogo ili anywe, kwa ustadi wa mtu anayeshika vichwa vya watu kila siku, kisha wakashuka ngazi polepole, mzee akipumzika kila kona.

Njiani kuelekea kituoni mzee hakutaja nyambizi. Walifika penye duka la vifaa vya ujenzi, akakaa juu ya matofali ya mtu bila kuomba. Mwenye duka alimwona akamwacha.

"Alikuwa amelala," mzee alisema.

"Alikuwa amelala, baba."

"Kitandani kwake. Kihalali."

"Ndiyo."

Alitoa kitambaa, akakishika tu. "Mama Kidege, nikwambie kitu. Mimi nilimshuku. Tangu siku ya kwanza. Huyu mtoto alikuwa wa usingizi toka mdogo, alikuwa analala na kijiko mdomoni. Redio iliposema amesinzia, moyo wangu ulisema, ndiyo, huyo ni mwanangu. Ndiyo maana nikaitafuta nyambizi. Sikuwa naitafuta kwa sababu naiamini. Nilikuwa naitafuta ili nisiiamini redio."

Mama Kidege alikaa kando yake. Suruali ya mzee na gauni lake vilijaa vumbi la saruji.

"Hata mimi," alisema. "Alikuwa akirudi safari ya mfululizo anasinzia kwenye kiti cha saluni, namnyoa amelala. Nikawa nasema, kampuni inawafanyisha kazi kama mashine, ipo siku. Kila nikisikia unaongea habari za nyambizi, baba, nilikuwa nasema moyoni, wacha aongee, asijue ninachokijua. Kumbe wote wawili tulikuwa tunafichana kitu kile kile."

"Na chenyewe hakikuwepo."

"Hakikuwepo."

Mzee akalia, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa. Mama Kidege hakulia. Alihisi uchovu wa miaka yote ukimshukia mabegani kwa mara moja, mzito kama godoro lililolowa, na akafikiri kwamba angeweza kulala pale pale juu ya matofali.

Mkutano wa kamati na waandishi wa habari ulikuwa umeshapangwa. Mwenyekiti, mwalimu mstaafu aliyempoteza binti yake wa pekee kwenye meli ile, alikodi ukumbi na kutundika bango: TUNATAKA UKWELI KUHUSU NYAMBIZI. Mpiga mbizi aliletwa kwa teksi, akabebwa kwenye kiti kama bwana harusi. Alisimulia tundu, kingo, kamera. Waandishi waliandika mpaka kalamu zikatoa moshi. Kisha mzee akamwachia mkwe wake kipaza sauti.

Mama Kidege alisema alichokuja kusema. Kwamba chumba cha usukani kilikuwa kitupu. Kwamba mumewe alikutwa miguu mitupu, akitoka kitandani, na ripoti ikamweka mahali ambapo hakuwepo. Kwamba anauliza swali moja tu: alfajiri ile zamu ilikuwa ya nani?

Mpiga picha mmoja aliteremsha kamera kubadilisha betri. Mwandishi wa mbele akanyoosha mkono.

"Mama, pole sana. Sasa, kwa maoni yako, hiyo nyambizi ilikuwa ya nchi gani?"

"Mimi ni msusi, mwanangu," Mama Kidege alisema. "Nyambizi sijawahi kuisuka."

Watu walicheka, na kicheko ndicho kilichotoka kwenye habari za jioni, baada ya tundu.

Walipokuwa wanakunja viti mwenyekiti alimfuata. Hakuwa na hasira, alikuwa na uso wa mtu aliyekosa usingizi kwa muda mrefu.

"Umetupunguzia nguvu, mama. Siku yenyewe ndiyo leo."

"Nimesema nilichoambiwa, mwalimu."

"Najua. Lakini nisikilize. Kama ni nyambizi, mwanangu aliuawa na jitu kubwa, lenye bendera, lenye siri za dunia. Hilo naweza kulibeba. Sasa wewe unaniambia nini? Kwamba kulikuwa na mtu tu, hajulikani, aliyeacha usukani akaenda zake? Labda kujisaidia? Labda kuvuta sigara? Mwanangu afe kwa ajili ya sigara ya mtu?"

Mama Kidege alitafuta jibu. Alilitafuta kwa dhati, maana alimpenda mwalimu huyu aliyewaandalia kila kumbukumbu ya mwaka na kuwasomea majina bila kukosea. Alimshika mkono tu, wakasimama hivyo mpaka mwenye ukumbi alipokuja kudai funguo.

Wiki haikuisha, msemaji wa serikali akatoka kwenye televisheni akiwa ametulia. Alisema hakuna nyambizi yoyote, ya nchi yoyote, iliyokuwa katika eneo lile, na kwamba wanaoeneza uvumi wanawatonesha wafiwa vidonda. Alijibu vizuri, hata hoja za kina cha maji alikuwa nazo. Mzee alimtazama mpaka mwisho.

"Umeona?" alisema. "Ameulizwa nyambizi, amejibu nyambizi. Hajaulizwa zamu."

"Hajaulizwa," Mama Kidege alikubali.

"Miaka yote hii nimewapa swali wanaloliweza."

Alisema hivyo bila uchungu, kama fundi anayegundua kwamba amekuwa akibadilisha kifaa kisichokuwa kibovu. Kisha akaenda kulala, jua likiwa bado linawaka.

Waliendelea, lakini kwa namna nyingine, bila mabango. Kidege aliwapatia wakili wa msaada wa bure, mwanamke mnene mwenye haraka aliyekula mchana wake huku akiwasikiliza. Alimpeleka mpiga mbizi mbele ya hakimu akala kiapo kuhusu jambo moja tu, mahali alipomkuta marehemu. Tundu aliambiwa aliache. "Nyambizi wataitafuta wengine," wakili alisema. "Sisi tunatafuta mtu mmoja na ngazi moja." Kisha zikaanza safari za ofisi za mamlaka ya meli, kuomba ripoti ipitiwe upya: njoo wiki ijayo, mhusika yuko semina, faili limehamia jengo jingine, jengo jingine linapakwa rangi. Mama Kidege alijua mabenchi yote ya ofisi ile, lipi linayumba na lipi liko karibu na feni. Alisukia pale pale; mara mbili alimalizia nywele za karani mmoja, na bado faili halikuonekana. Kampuni ya meli ilikuwa imeshabadilisha jina. Nahodha, ambaye aliokolewa mapema kuliko abiria wake wengi, alikuwa amehamia nchi ya mbali na hakujibu barua za wakili.

Mpiga mbizi alifariki kabla jibu halijatoka. Walikwenda kumzika. Mzee alirusha udongo wa kwanza baada ya watoto wa marehemu, wao wenyewe walimwomba.

Jibu lilipokuja lilikuwa fupi. Kidege alilisoma saluni, amesimama, mteja akiwa chini ya drai hasikii kitu. Mamlaka ilisema kwamba, baada ya kupitia ushahidi mpya, sehemu ya ripoti inayohusu mahali ulipokutwa mwili wa mshika usukani inaondolewa, kwa kuwa haikuthibitishwa. Mengine yote ya ripoti yanabaki kama yalivyo.

"Soma tena," mzee alisema.

Kidege akasoma tena.

"Haikuthibitishwa," mzee akarudia, akilionja neno. "Hawasemi walidanganya."

"Hawasemi, babu."

"Hawasemi hakusinzia."

"Wamemtoa kwenye usukani, babu. Ndicho walichofanya. Amebaki baharia tu, kama wenzake."

Mzee alitikisa kichwa, juu chini, kwa muda. Mama Kidege alikuwa na mikono imejaa povu. Alingoja ajisikie furaha, au hasira, chochote, na kilichokuja kilikuwa kitu cha katikati, kidogo, kama mtu anayevua kiatu kilichombana kutwa nzima. Mguu bado unauma, lakini kiatu kimetoka. Alisuuza kichwa kilichokuwa mbele yake, akakifunga taulo.

"Basi zamu ilikuwa ya nani?" mzee aliuliza. "Hapo ndipo pa kuanzia. Lazima kuna mtu anajua. Baharia yule aliyelia gatini yuko hai, nimeulizia. Tumtafute."

"Tutamtafuta, baba."

"Kesho?"

"Kesho nina bibi harusi na wenzake wote, baba. Tangu asubuhi."

"Keshokutwa basi."

Alimtazama mzee kupitia kioo, akamwona alivyozeeka, shingo imepwaya kwenye kola. Akafikiri kuhusu mabenchi, na feni, na karani mwenye nywele nzuri.

"Keshokutwa," alisema, na akampa ishara Kidege azime drai.